Kastodi ni ya mama ama ya baba? Na huyu nyanya je?

Hapa kwa ploti yetu Kaptembwo, Nakuru, mabishano hayaishi tangu jirani yangu aitwe kortini na mzee wake juu ya kastodi, yaani nani akae na kijana wao wa miaka sita. Wanaume wakasema korti za Kenya ni za wamama. Wanawake nao wakauliza huyo baba alikuwa wapi mtoto akichemka na homa usiku. Mimi naona kila upande uko na ukweli wake, ila kuna mtu wote wanamruka.

Wababa kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana ama hawajaoana. Sasa baba akiambiwa wewe tuma fee na chakula, mtoto utamwona Jumapili, anajiona amegeuzwa M-Pesa, na tusidanganyane, kuna wamama pesa ikichelewa siku mbili simu haishikwi. Hiyo ni makosa. Kutoa matunzo ni kitu kingine na kumwona mtoto ni kitu kingine.

Wamama nao wako na yao. Tangu miaka ya 70 korti zetu zimeshikilia kwamba mtoto mdogo akae na mamake, labda kuwe na sababu kubwa ya kumnyima. Watu huita hiyo upendeleo lakini mimi siioni hivyo, juu mara nyingi ndiye amekuwa akimuogesha, anajua anakula nini na anaogopa nini. Na bado si otomatiki. Kitu ya kwanza ni masilahi ya mtoto, hakimu anaweza kuitisha ripoti ya afisa wa watoto, na mtoto akiwa ameanza kuelewa pia anasikizwa. Wale mnauliza kama lazima talaka itoke kwanza, hapana, kastodi unaomba hata kama hamkuwahi kuoana. Na wewe unasema nilipeleka ng'ombe kwao kwa hivyo watoto ni wangu, hakimu hatahesabu ng'ombe.

Mahali mimi nakwama ni hapa. Jirani yangu anatoka saa kumi na moja asubuhi kungoja basi ya shamba la maua, anarudi giza imeingia. Mzee wake ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njia ya Malaba. Baba akishinda, mtoto anaenda kwa mama ya huyo baba huko Butere. Mama akishinda, shule ikifungwa tu mtoto anapandishwa matatu ya kwenda kwa nyanya mwingine, Mumias. Yaani hii kesi ni ya nyanya wawili na hakuna hata mmoja aliitwa kortini!

Na nyanya hana karatasi. Mzazi mmoja akifa, yule mwingine ndiye anabaki mlezi kisheria, ama pamoja na mtu marehemu alimtaja kwa wosia, nyanya haingii hivi hivi ati kwa sababu amelea. Anaweza kuomba korti imfanye mlezi, lakini ni nyanya wangapi Butere wanajua hiyo njia? Wengi wako na barua ya chifu na imani.

Kwangu mimi, kuanza na mama kwa mtoto mdogo ni sawa, iachwe hivyo. Lakini kila mzazi aulizwe swali rahisi, Jumanne usiku mtoto atalala wapi na nani atampikia, alafu huyo mtu naye aitwe aongee.

Hawa wazazi wawili mwishowe waliandikiana makubaliano, shule kwa mama, likizo kwa baba. Agosti nyanya wa Butere akaja mwenyewe kumchukua kijana, akakaa kwa kiti cha plastiki pale mlangoni, chai hata hajagusa, akauliza kitabu cha kliniki kiko wapi, na huyu akilazwa usiku ni nani atanisainia. Mama akamwangalia baba. Baba akatoa simu mfukoni, akaanza kuiangalia.