Taharuki: neno la gazeti au la darasani?

Moto ukizuka au risasi zikilia mtaani Nairobi, redio na magazeti hutangaza kwamba taharuki imetanda. Walimu wengi wa fasihi hawalipendi tamko hilo. Kwao taharuki ni mbinu, ile hamu anayotiwa msomaji ya kutaka kujua kitakachofuata, na ndivyo mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, anavyotarajiwa kuieleza katika karatasi ya fasihi, 102/3. Je, wanahabari wamelipotosha neno?

Neno hili lina asili ya Kiarabu, taharruk, yaani kusogea au kutikisika. Mzizi wake, h-r-k, ndio uliotupa pia haraka na harakati. Ile ta- ya mwanzo imo pia katika tafakari, tahadhari na tawakali, na aghalabu huashiria tendo linalomrudia mtendaji mwenyewe. Kwa hiyo kwenye asili hakuna hofu wala hadithi, kuna mwendo tu. Waswahili ndio waliouingiza mwendo huo moyoni: anayetaharuki ametikisika nafsi, hatulii.

Hapo ndipo dai la upotoshaji linapolegea. Taharuki ni kitenzi pia, si nomino tu. Watu hutaharuki, hutaharukishwa, na sentensi "wakazi walitaharuki" haina kasoro yoyote. Maana ya darasani ni tawi lililobanwa kwa ajili ya taaluma, na hata huko msomaji hufunua ukurasa roho mkononi.

Hata hivyo walimu wana hoja nzito: neno linatumiwa ovyo. Bei ya unga ikipanda, taharuki. Maiti ikipatikana mtoni, taharuki. Maneno mengine yanakosa kazi, nayo ni hasara kubwa.

Chukua moto unaowaka usiku katika soko la Gikomba, Nairobi. Mfanyabiashara anakimbia na robota la mitumba mgongoni, linamponyoka, anarudi kuliokota huku mabati yakilia kwa joto. Huyo ametaharuki. Jirani yake amesimama na funguo mkononi mbele ya kibanda kinachoteketea, anaitwa haitiki. Huyo amepigwa na kiwewe. Wiki nzima baadaye wote wawili wanafunga biashara kabla ya giza kuingia, na hiyo ni hofu, iliyotokana na khawf ya Kiarabu. Woga, nduguye ogopa, usiguswe hapa kabisa, maana ukisema mtu ana woga umeihukumu tabia yake. Kongwe zaidi ni -cha, yaani kuogopa, tunalolisikia sasa katika mcha Mungu. Tisha ni umbo lake la kusababisha, na kutoka humo tukapata kitisho.

Mhariri ana kipimo chepesi. Aondoe taharuki aweke "walihangaika huku na huko". Sentensi ikisimama, airudishe. Ikianguka, atafute kiwewe, hofu, wasiwasi au huzuni. Na "hali ya taharuki" aipunguze iwe taharuki tu, kwani hali imo tayari ndani ya neno.

Mwanafunzi naye, akiulizwa kuhusu mbinu, aandike hamu ya kutaka kujua, apate alama zake. Asiambiwe tu kwamba mtangazaji wa jana usiku alikosea, kwa sababu wale waliotoka mbio na magodoro vichwani walitaharuki kweli.