James Hong: kazi 400 ni sifa au ni ushahidi wa mlango uliofungwa?

Akitajwa James Hong, Mmarekani wa asili ya Kichina aliyezaliwa Minneapolis mwaka 1929, kinachotangulia ni hesabu: filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 400. Mashabiki wake wanajivunia idadi hiyo. Wakosoaji wa Hollywood wanaitazama kwa jicho jingine. Kwao, mtu mwenye kipaji kile alihangaika na nafasi ndogo ndogo miaka yote kwa kuwa ile kubwa alinyimwa.

Hoja yao ina uzito. Hong aliacha uhandisi wa barabara, akaingia kwenye uigizaji miaka ya 1950, akakuta hata stelingi wa Kichina anaigizwa na Mzungu. Katika tamthilia ya televisheni The New Adventures of Charlie Chan, mpelelezi Mchina alikuwa J. Carrol Naish, Hong akapewa kuwa mwanawe. Mwaka 1974, katika filamu ya Chinatown, bado alikuwa mtumishi wa nyumbani.

Lakini nafasi ndogo si kazi ndogo. Katika kipindi kimoja cha 1991 cha Seinfeld, tamthilia ya vichekesho ya televisheni, kisa chote ni watu wanaosubiri meza mgahawani, na Hong ndiye mpokea wageni. Wakimwuliza, jibu ni lilelile: dakika tano, kumi. Hana haraka, hana hasira, wala haombi radhi. Utulivu wake ndio unaowapandisha mori wale wenye njaa, na ukimwondoa yeye kichekesho chote kinaanguka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwona kama mtu aliyeridhika na makombo. Mwaka 1965 yeye, mwigizaji Mako na wenzao walianzisha East West Players huko Los Angeles, kundi la maigizo ambako waigizaji wenye asili ya Asia walishika nafasi ambazo studio hazikuwapa. Wanaosifu hesabu ya kazi zake nao wanakosea wakiiacha historia hii, kwa sababu studio zinatoka bila lawama.

Mwenyewe hakuiacha. Februari 2023, filamu ya Everything Everywhere All at Once, ambayo naye aliigiza, iliposhinda tuzo ya kundi la waigizaji ya SAG, chama cha waigizaji wa Marekani, alishika kipaza sauti akiwa na miaka 94, akakumbusha kwamba katika The Good Earth ya 1937, filamu kuhusu wakulima wa Kichina, wahusika wakuu walikuwa Wazungu waliovutwa macho kwa utepe ili wafanane na Waasia, kwa madai kwamba Waasia hawafai na hawaleti watazamaji. Kisha akauambia ukumbi: tutazameni sasa.