Simu Ibaki Mlangoni? Picha, Sitara na Harusi za Wanawake Mombasa

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye usiku wa kupamba katika ukumbi mmoja wa Tudor. Chini ya kadi, mahali ambapo zamani paliandikwa tu kwamba watoto wasiletwe, pameongezwa mstari: simu haziruhusiwi. Tulipofika, wasichana wawili walikuwa wamekaa mlangoni na kikapu. Kila simu inatiwa ndani ya mfuko wa plastiki, unapewa kikaratasi chenye namba, unaingia.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyetoka Likoni. Alimwambia msichana kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimemwacha mtoto na homa kwa mamangu. Wakinipigia nitajuaje?" Msichana akamjibu kwa adabu, "Nisamehe khalati, nimeagizwa." Mama akasimama kidogo, akalifunga buibui lake vizuri, akarudi alikotoka. Mimi nikatoa simu yangu nikaingia, na usiku kucha nikawa nafikiri ni nani kati ya wawili wale aliyekuwa na haki. Sikuona wa kumlaumu.

Kwa asiyejua, kupamba ni usiku wa wanawake watupu. Bi harusi hukalishwa juu ya jukwaa akiwa amepambwa, hina na piko mikononi na miguuni, asumini kichwani, nywele wazi. Wageni nao huvua mabuibui, na chini yake kuna nguo na dhahabu ambazo huko barabarani hazionekani. Mwanamke ambaye tangu abaleghe nywele zake hazijaonwa na mwanamume asiye maharimu wake anakubali kukaa hivyo mbele ya mamia ya watu kwa sababu moja tu: anaamini kwamba kilichoonwa mle ndani kitabaki mle ndani. Furaha yote ya usiku ule imejengwa juu ya imani hiyo. Simu moja iliyoinuliwa nyuma ya nguzo inatosha kuibomoa.

Wanaotaka simu ziachwe mlangoni mara nyingi huitwa washamba, watu wanaoogopa maendeleo. Hilo silikubali. Watu wa pwani walikuwa na fikira ya faragha kabla hakujawa na sheria yoyote ya data. Imo ndani ya nyumba zetu: hodi kwanza, mgeni anapokewa kwenye daka la mlango au barazani, na vyumba vya ndani ni vya wenyewe. Lamu kuna wikio, vile vyumba vilivyopita juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wavuke kwenda kwa jirani bila kushuka njiani. Watu walioweza kujenga daraja ili mtu apite bila kutazamwa hawakuwa wajinga wa jambo hili.

Kilichobadilika ni mwendo wa picha. Zamani harusi ilirekodiwa katika mkanda wa video, mkanda ukafungiwa kabati la mama mzazi, na aliyetaka nakala ilibidi aombe, atafute mashine mbili na asubiri mkanda wote umalizike. Kuomba huko ndiko kulikokuwa ulinzi. Mwaka 2009 nyaya za baharini za intaneti, SEACOM na TEAMS, zilifika nchi kavu hapa hapa Mombasa, na kutoka hapo intaneti ya kasi na ya bei nafuu ikaenea. Leo picha inafika Muscat, huko Omani, kabla bi harusi hajainuka kitini.

Nina binti wa ami yangu aliyepatwa na haya. Mgeni mmoja alimpiga picha akiwa amekaa jukwaani, bila nia mbaya, akamtumia dada yake aliyekuwa mgonjwa asiweze kuja. Dada akaitia kwenye kundi la familia, maana ilikuwa picha nzuri mno. Mmoja wa kundi lile akaipeleka kwenye kundi la mtaa. Siku ya tatu wanaume waliofanya kazi na mumewe bandarini walikuwa nayo mikononi, nao wakampongeza kwa kupata mke mzuri. Tukafuatilia mtu mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa amemtumia mtu aliyemwamini, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kumvunjia heshima. Mtu wa kushtakiwa hakupatikana, na picha haikurudi. Yeye mpaka leo hapigwi picha, hata siku ya Idi na wanawe. Wanawe watakua bila ya kuwa na picha ya mama yao kijana. Ninapoulizwa kwa nini nalishikilia jambo la simu, jawabu langu ni hilo.

Kuna wanaosema teknolojia yenyewe imeshaleta dawa. WhatsApp tangu 2016 imefunga ujumbe kwa usimbaji, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini usimbaji hulinda njia, haulindi mkono unaopokea, na picha ya binti ami ilitoka kwa mkono hadi mkono. Tangu 2021 kuna picha ya kutazamwa mara moja tu kisha ikapotea. Mtu akiweka simu ya pili juu ya ile ya kwanza anaipata. Simu nyingi pia huhifadhi nakala mtandaoni zenyewe bila kumwuliza mwenyewe kila mara, na kama akaunti ile ile iko kwenye tableti ya nyumbani, kaka au shemeji akiifungua anakutana na ukumbi mzima. Sasa kuna na programu za akili bandia zinazoweza kuchukua uso wa mtu kutoka picha moja na kuuweka juu ya mwili ambao si wake. Bibi zetu hawakuyajua hayo, ila sheria yao ya kutopiga picha inayazuia vizuri kuliko programu yoyote niliyoiona.

Na sheria ya nchi? Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, mambo ya familia yake yakiwemo. Sheria ya Kulinda Data ilifuata mwaka 2019, na ina meno: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Nilifurahi niliposoma hayo. Lakini sheria hiyo hiyo haigusi mtu anayetumia data kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani tu. Dada mgonjwa na kundi la familia wamo humo. Nayo sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inaadhibu anayesambaza picha za utupu au za faragha ya mwili wa mtu, na mwenye kuitazama picha ya bi harusi aliyevaa gauni hadi miguuni ataona hakuna utupu wowote pale. Kwa macho ya mahakama ni mwanamke aliyevaa. Kwa nyumba yetu, nywele zile zikiwa wazi ni sitara iliyovunjwa. Pengo lililo kati ya mitazamo hii miwili ndilo wale wasichana wa kikapu wanalojaribu kuliziba, na hakuna mwingine wa kuliziba isipokuwa sisi.

Hata hivyo mama wa Likoni hakutoka akilini mwangu, na upande wake ni mzito kuliko wenye harusi wanavyopenda kukiri.

Simu si kamera tu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu imekuwa ndiyo mkoba wetu. Mwanamke anayeambiwa aiache mlangoni ameambiwa aache pesa zake, namba za watu wake na njia yake ya kurudi. Kupamba huisha usiku mkubwa. Kuna wa kumwita mwenye tuktuk anayemwamini, kuna wa kuvuka feri, kuna wa kumjulisha mume kwamba ametoka. Kumnyang'anya mwanamke simu saa sita za usiku kwa jina la kumlinda kunaweza kumweka katika hatari nyingine. Halafu kikapu chenyewe: simu mia mbili, nyingi za thamani, zimelindwa na wasichana wawili ambao nao wanatamani kuchungulia ndani ngoma ilipopamba moto. Wengi wetu namba zetu za siri ni mwaka wa kuzaliwa au tarakimu nne zinazofuatana, na nusu ya ukoo wanazijua. Tunaambiwa kila siku tusiiachie simu mkono mwingine, kisha tunaitoa kwa kikaratasi cha namba. Hilo nalo ni suala la usalama, na sijaona kadi ya mwaliko inayolitaja.

Lipo na suala la riziki. Wapambaji, wenye hina, washonaji wa magauni, wengi ni wanawake wanaojitegemea na mteja wao wa kesho yuko Instagram au TikTok. Ukimwambia asipige picha umemfungia duka. Walio wastaarabu wamepata njia: wanaonyesha mikono peke yake, au gauni limevaliwa na sanamu, au uso umefunikwa ua. Nawaheshimu sana, maana wanapoteza wateja kwa mwenzao asiyejali. Na yupo bibi aliyeko ng'ambo, asiyeweza tena kupanda ndege, ambaye mjukuu wake anaolewa mara moja maishani. Kumwambia asimwone hata kwa simu ni ukatili, na sina neno jingine.

Vijana nao wana hoja, kwamba bi harusi mwenyewe akitaka kuonekana ni hiari yake. Ni hiari yake kweli. Lakini nyuma yake kwenye picha ile kuna shangazi aliyevua buibui, na jirani, na binti wa miaka kumi na tano. Hao hawakuulizwa. Anaweza kuutoa uso wake. Wa shangazi si wake kuutoa.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba ukali wetu wote tumeumalizia kwa mgeni. Tunapokonya hata kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, ya bibi isiyokuwa na kamera ya maana, kisha tunamfungulia mlango mpiga picha na kamera mbili, taa na mtu wa video. Ni mwanamke, tunasema, basi tunatulia. Lakini memori kadi ile inakwenda wapi asubuhi? Mara nyingi inakwenda kwa mhariri wa video, ambaye huenda ni kijana wa kiume dukani, akae nayo wiki mbili akitia nyimbo. Inabaki kwenye kompyuta yake, kwenye diski yake, na siku kompyuta ikiharibika inapelekwa kwa fundi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu hatujawahi kuiuliza inalala wapi. Nimeuliza wapiga picha watatu tangu harusi ile. Mmoja tu alikuwa na jawabu: anahariri mwenyewe nyumbani, anakabidhi kadi kwa mama wa bi harusi, na anafuta nakala mbele yake.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mlango, ila si mlango wa namna hii. Mwaka huu tunamwoza mpwa wangu, na tumeshakaa na mamake. Simu zitaingia, lakini kila kamera, ya mbele na ya nyuma, itabandikwa stika mlangoni, na atakayeibandua atatolewa hata akiwa nani. Nimepingwa hapo, khalati yangu mkubwa anaona stika ni mchezo wa watoto na anataka kikapu, na huenda ana haki, kwa sababu stika inabanduka na kikapu hakibanduki. Bibi aliyeko Muscat ataonyeshwa mjukuu wake chumbani kabla ya kuingia ukumbini, wakiwa wao na mama tu. Mpiga picha atatia sahihi karatasi inayosema nani atahariri na lini nakala zitafutwa, na asipokubali tutatafuta mwingine.

Na kama khalati atashinda, kikapu kikarudi, basi kadi itakuwa na namba ya simu ya mtu atakayekaa mlangoni usiku kucha kupokea habari na kumwita mwenyewe nje. Mama wa Likoni angepewa namba hiyo, angemwachia mamake, akaingia.