Siku ya kwanza ya mkataba: inayopotea ni ya nani?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu wa mkataba hasubiri siku ya tatu. Jembe anakuja nalo mwenyewe begani, na mara nyingine anafika anakuta shamba limefungwa na mwenye ufunguo yuko semina Dodoma.

Ndivyo ilivyonikuta Oktoba moja, Dar es Salaam. Nilikuwa nimechukua kazi ya miezi mitatu: kuhamisha kumbukumbu za mishahara ya ofisi moja kutoka kwenye majedwali ya Excel kwenda mfumo mpya. Malipo shilingi milioni sita, kwa awamu, kila kipande kikikabidhiwa. Siku ya kwanza mlinzi akanisainisha kitabu cha wageni, akanipa beji iliyoandikwa MGENI, nikaelekezwa meza kwenye chumba cha printa mbovu. Nywila ya kuingia kwenye mfumo niliipata siku ya tano.

Tunaoishi kwa mikataba tuna ubishi wa siku nyingi juu ya hizi siku za mwanzo. Wapo wanaosema ingia na moto: wiki ya kwanza isiishe hujaonyesha kitu, maana mtu wa mkataba hana muda wa kupendwa, ana muda wa kulipwa. Wengine wanasema tulia, salimia watu, soma mafaili, uliza hata maswali ya kijinga, kwa sababu baada ya mwezi swali lilelile litaonekana aibu. Nimewahi kusimama pande zote mbili, na zote mbili zimewahi kunichoma.

Wa moto wana hoja ya hesabu. Miezi mitatu ni wiki kumi na tatu, yaani siku za kazi kama 65. Gawa milioni sita kwa 65, unapata shilingi 92,000 na ushee kwa siku. Siku nne za kusubiri nywila ni kama 369,000. Linganisha na kodi ya zuio, ile asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya huduma: kwa mkataba huu ni 300,000. Watu wa mikataba tukikutana tunailalamikia hiyo kodi mpaka chai inapoa. Siku nne nilizokaa natazama printa zilinigharimu zaidi, na hakuna aliyenipa hati ya kuonyesha zimekatwa.

Ila hesabu hiyo inasimama kwa sababu nililipwa kwa kazi. Angekuwa mwenzangu anayelipwa kwa siku, zile siku nne zingekuwa hasara ya ofisi, na yeye angesoma gazeti kwa amani. Hapa ndipo naona ubishi wetu unapotea njia. Tunabishania tabia, huyu mchapakazi, yule mzembe, wakati jibu limekaa kwenye ukurasa wa malipo. Kabla hujaamua uingie na moto au utulie, angalia siku ikipotea inakatwa mfuko wa nani. Aliyekuajiri naye anaangalia hapohapo, hata kama hasemi. Ofisi inayolipa kwa siku, nywila inakuwa tayari kabla hujafika. Inayolipa kwa kipande cha kazi haina presha.

Nisiwaonee, hata hivyo. Nilipokuwa nanung'unika nilisahau nimeomba ufunguo wa nini. Mishahara ya watu. Nani anakopa, nani anakatwa matunzo ya mtoto, bosi anapokea kiasi gani. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya 2022, na ofisi inayomfungulia mambo hayo mtu aliyeingia jana na beji ya MGENI inajitafutia matatizo. Ningekuwa mimi mwenye ofisi ningeuliza huyu ni nani, ataona nini, atatoka na nini. Kosa lao lilikuwa kuanza kuuliza siku niliyofika, wakati mkataba tulisaini wiki tatu nyuma.

Na zile siku nne ndizo zilizoniokoa. Kwa kukosa la kufanya nikaomba wanichapie mfano wa jedwali lenyewe, majina yamefutwa, nikawa nalipitia kwa kalamu nyekundu. Kulikuwa na safu imeandikwa ADV-B. Kuanzia Aprili hadi Septemba, sifuri tupu. Nikaizungushia duara: ondoa. Mchana nikampelekea mhasibu wa mishahara, mama mmoja wa makamo ambaye miwani yake hushuka puani akisoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa mfumo?"

"Ndiye mimi. Nimeona hii safu haina kazi, nikasema nikuulize kabla sijaitoa."

Akaitazama. "Mwanangu, una watoto?"

"Bado, mama."

"Ndiyo maana. Hiyo ni advansi ya ada. Watu wanachukua Desemba, shule zikifungua Januari wawe na kitu. Tunakata Januari, Februari, Machi. Ukiitoa hiyo, mwezi wa kwanza nitakutuma wewe ukawaeleze madereva."

Ningekuwa na nywila tangu Jumatatu, safu ile ningeifuta Jumatatu hiyohiyo, kwa moyo mkunjufu, na ningeandika kwenye ripoti kwamba nimesafisha jedwali. Kosa lingeonekana Januari, mkataba ukiwa umekwisha na mimi niko kwa mteja mwingine. Wanaohubiri moto hawapendi kusikia hili: makosa ya wiki ya kwanza hayaonekani wiki ya kwanza.

Wanaohubiri utulivu nao wasishangilie mapema. Ninamfahamu fundi mzuri sana wa mitandao aliyetumia wiki tatu za mwanzo "akijifunza mazingira". Alijua kila swichi imefungwa wapi na majina ya watoto wa mhudumu wa chai. Hakuwa ameandika hata ukurasa mmoja. Wiki ya nne aliitwa akaulizwa umefanya nini, akabaki anaeleza kwa mikono. Alichokijua kilikuwa kichwani kwake, na ofisi hailipi kilichomo kichwani. Angeandika kurasa mbili tu, hali niliyoikuta na nitakachoanza nacho, kikao kile kingekuwa kifupi.

Kuna upande mwingine wa kutulia kazini ambao wengi tunaushtukia kimeshanuka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia anayemfanyia mwenzake kazi kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, amekuwa sehemu ya taasisi, amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu, anamtegemea huyo mmoja kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au hafanyii kazi mtu mwingine. Sasa tazama wiki ya kwanza ya mtu wa mkataba. Anapewa kompyuta, anaambiwa tunaingia saa mbili, Ijumaa kuna kikao cha idara na yeye aje. Anafurahi kwamba amepokelewa vizuri. Kila alichopewa ni kigezo kimojawapo.

Hilo ni zuri au baya? Inategemea unataka nini. Ukionekana mwajiriwa, unakatwa kodi ya mshahara badala ya ile asilimia 5, na uhuru wa kuchukua mteja mwingine unaanza kuulizwa maswali. Kwa upande mwingine kuna hifadhi ya jamii, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi endapo printa moja mbovu itakudondokea mguuni. Kwa mkataba wa miezi mitatu kinga kubwa ambayo watu huifikiria, ya kutoachishwa kazi isivyo haki, haikusaidii hata ukiitwa mwajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35, inawaacha nje waliofanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo.

Kwa hiyo nilifanya uamuzi ambao rafiki zangu wengine wanauona wa kijinga. Kompyuta yao niliipokea, kwa sababu mishahara ya watu haipaswi kulala kwenye mashine yangu nyumbani Tabata. Kikao cha Ijumaa niliomba nisihudhurie, isipokuwa ajenda ikigusa mfumo. Mkuu wa idara aliona najidai, na wiki mbili hivi salamu zake zilikuwa fupi. Sina hakika nilikuwa sahihi: kwenye kikao kimoja nisichokwenda walibadilisha tarehe ya kufunga mishahara, nikaja kuambiwa na mhudumu wa chai.

Madai ya siku nne yalikuja mwishoni, nilipoomba makabidhiano yasogee. Ofisi ikasema nilichelewa kuanza. Nywila iliombwa kwa mdomo ukumbini, karatasi hakuna. Uzembe huo ni wangu, barua pepe ya mistari miwili siku ya kwanza ingemaliza ubishi. Kilichobaki ni kitabu cha wageni. Mlinzi akafungua Oktoba, na jina langu likawa pale siku nne mfululizo, limeandikwa kwa mwandiko wangu mbovu: kuingia saa 1:55, kutoka saa 11 na dakika kadhaa, anayemwona "Utumishi", sababu ya kuja "kufuatilia nywila". Wakanipa siku zangu nne.

Mkuu wa idara aliyapitia majina yale kwa kidole, akacheka kidogo. "Kila siku kabla ya saa mbili," akasema. "Wewe una hakika wewe si mfanyakazi wetu?"