Holda ya Taa Iliyoliwa na Kutu Haitibiwi kwa Msasa

Mwenye gari la zamani hapa Dodoma akimpelekea fundi umeme taa ya breki inayowaka inapotaka, mara nyingi huuziwa balbu mpya. Taa ikigoma tena, msasa hupitishwa ndani ya holda, yaani kikombe kinachoshika balbu, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hukunjwa chini ya balbu ili ikaze, na gari huruhusiwa kwenda zake. Maoni yangu ni kwamba holda iliyofikia hali hiyo ikatwe na kutupwa, na mteja asidhani kwamba anatafutiwa gharama.

Wapo wanaouliza kutu inatoka wapi katika mji mkavu kama huu, ambao mvua zake huanza Desemba na kukoma Aprili. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na mengine yamekaa miaka Dar es Salaam au Tanga katika hewa ya chumvi kabla ya kupanda huku. Jua letu nalo hukausha raba inayoziba kioo cha taa mpaka ikapasuka, vumbi likaingia, na vumbi hilo likishalowa kwa mvua au kwa maji ya presha ya kuoshea magari, huhifadhi unyevu ndani ya taa muda mrefu baada ya bodi kukauka.

Ukichomoa balbu utaona ukoko wa kijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye bati lenye zinki, na springi ya chini ikiwa imelegea. Msasa hufika juu juu tu, tena huondoa hata ule mpako mwembamba uliokuwa kinga. Fundi akichuna ganda la waya nyuma ya holda, huenda akakuta shaba imekuwa nyeusi, kwa sababu maji hupanda ndani ya waya kama mafuta ya taa katika utambi wa koroboi.

Balbu ya breki ya wati 21 katika gari la volti 12 huvuta takribani ampea 1.75. Kutu ikiongeza ukinzani wa omu moja tu, volti moja na nusu hivi hupotea njiani, mwanga hupungua kwa karibu theluthi moja, na umeme uliopotea hugeuka joto ndani ya holda yenyewe. Dereva wa lori anayekufuata usiku kati ya Gairo na Kibaigwa huenda asitambue upesi kwamba umekanyaga breki.

Kabla ya kukata chochote, ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ipimwe. Taa ikiwa imewashwa, ncha moja ya mita ya volti iguse hasi ya betri na nyingine iguse chuma cha ubavuni mwa kitako cha balbu. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudishia umeme ni mbovu. Dalili yake nyingine ni indiketa kufifia au taa ndogo kuwaka isivyostahili kila unapokanyaga breki, maana umeme uliokosa njia yake hupita kwenye nyuzi za balbu nyingine.

Baada ya hapo hasi ya betri ifunguliwe, waya ukatwe mpaka shaba inayong’aa ionekane, rangi za waya zifuatwe, na viungo vilehemiwe badala ya kusokotwa na kuzungushiwa selotepu. Ethi ipewe waya wake mpaka kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi.

Sipendi sana ushauri wa kununua taa nzima iliyotumika, kwa kuwa mara nyingi huja na holda yenye ugonjwa uleule. Holda mpya yenye waya zake inatosha, mradi vijino vya balbu vishike vizuri, kwa sababu holda iliyolegea hukubali balbu ya nyuzi mbili iliyogeuzwa, na breki ikabadilishana kazi na taa ndogo. Grisi kidogo ya silikoni ipakwe kwenye mguso, na raba ya kioo ikiwa imepasuka ibadilishwe siku hiyohiyo, la sivyo ukijani utaanza upya msimu ujao wa mvua.