Kichanga hajawahi kwenda duka la dawa

Likitajwa suala la usugu wa vimelea dhidi ya dawa, lawama humwangukia mvuvi wa dagaa. Anashuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, anaingia duka la dawa bila cheti, ananunua vidonge vinne vya amoksilini, dawa ya bakteria ya jamii ya penisilini. Homa ikitulia, anaacha. Lawama hiyo haijatoka hewani. Dawa huua bakteria walio dhaifu, wakabaki wenye kimeng'enya cha kuivunja penisilini au wenye pampu za kuitema nje. Tena huazimana silaha: kipande cha vinasaba kiitwacho plasmidi huhama toka bakteria mmoja hadi mwingine. Na kwa kifua kikuu, kukatisha tiba ya miezi 6 ni balaa. Hapo sina mjadala.

Ila dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ndiyo mapumziko. Mtu akiugua kambini katikati ya giza, visiwani Ukerewe, ataacha mtumbwi apande meli kwenda maabara mkojo wake uoteshwe ili bakteria ajulikane, asubiri majibu siku 2 au 3? Muuza duka ndiye daktari aliyepo. Hata ule wimbo wa "maliza dozi" una walakini: mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza waliandika kwamba kwa maambukizi mengi hakuna ushahidi wa maana kuwa kuacha mapema huzaa usugu, ilhali kumeza muda mrefu kupita haja huwapa bakteria wa tumboni nafasi ya kujifunza.

Kuna hesabu moja ambayo nashangaa haisemwi redioni. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria kwamba vifo takribani 750,000 vinavyohusishwa na usugu vingeweza kuzuiwa kila mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa njia gani? Si kwa dawa mpya. Vifo 337,000 kwa usafi ndani ya vituo vya afya: mikono kunawa, vifaa kutakaswa. Vingine 247,800 kwa maji salama na vyoo, 181,500 kwa chanjo. Kundi kubwa kuliko yote limo mle mle tunamotibiwa! Bugando penyewe, hospitali kubwa ya Mwanza, watafiti waliwahi kuripoti mlipuko wa bakteria sugu katika wodi ya watoto wachanga, wenye kimeng'enya kinachovunja hata sefalosporini za kizazi cha tatu, jamii ya dawa za bakteria yenye sindano ya seftriaksoni. Kichanga wa siku tatu alinunua nusu dozi wapi?

Wanaotaka maduka yabanwe nawaunga mkono kwa jambo moja. Amoksilini iko kwenye kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linataka lipatikane kirahisi. Seftriaksoni imo kwenye kundi la kuchungwa, na ndiyo sindano inayotegemewa hospitalini mgonjwa anapozidiwa. Hiyo kuuzwa kaunta kama panadol, ningeizuia hata kesho asubuhi.