Siku kima waliponivua heshima mbele ya mama mkwe

Kosa la kwanza lilikuwa kumkataa mtembeza wageni pale getini Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, pwani ya Kenya. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, nami nilitaka ajue bintiye hakuolewa na mtu hivi hivi. "Mama, haya magofu ya Gede niachie mimi," nikamwambia. Wakati huo nilikuwa nimesoma kibao kimoja na nusu.

Na mwanzoni nilitamba kweli. Nikamwonyesha msikiti mkuu, kaburi lililochongwa mwaka wa Kiislamu 802, yaani 1399, na kuta zilizokumbatiwa na mizizi minene kama mapaja. Nikamweleza jinsi mji ulivyohamwa katika karne ya 17, msitu ukaumeza, hadi mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948. Hata nyumba, nikasema, zimeitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri. Mama akaridhika. "Kumbe mkwe wangu msomi!"

Laiti tungerudi nyumbani saa ile ile.

Kosa la pili lilikuwa ndizi. Nilibeba chane nzima kikapuni. Watu husema kima wa Gede wamezoea wageni, lakini hiyo ni lugha ya adabu tu. Wale ni wakusanya ushuru. Wa kwanza akashuka ukutani, akakaa mbele yangu, akanikazia macho kama ninayemkwepa tangu mwezi uliopita. Nikampa moja. Akaimenya kwa ustaarabu kuliko wanangu. Kufumba na kufumbua wako saba, mmoja begani kwangu, mwingine ananipekua mfuko wa suruali.

Ukiniuliza nilimwachaje mama wa watu pale, sina jibu. Nilijikuta nakimbia, kikapu kifuani. Mara kitu kikachakarisha majani makavu miguuni pangu, kikaruka! Sasa najua alikuwa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye bila shaka aliniogopa zaidi. Ila dakika ile nilizikumbuka zile hadithi za mizimu inayolinda mji. Kandambili moja ikanivuka, sikugeuka. Nikaingia chumba cha kwanza nilichokiona, chembamba, nikachuchumaa kwenye kona na kuanza kusoma kila dua niliyofundishwa chuoni, pamoja na ya kuingilia safarini.

Kimya. Kisha kicheko cha mama mkwe, na kando yake yule mtembeza wageni niliyemkataa.

"Bwana," akasema kwa upole, "hapo ulipo ni choo."

Nikatazama chini. Shimo lilikuwepo.

"Na umechuchumaa vizuri tu, kama wenyewe walivyokuwa wakichuchumaa karne ya 15."

Mama akajishika kiuno, machozi yanamtoka. "Msomi, na nyumba hii yaitwaje?"

Kikapu nilikitoa kitupu. Kima mmoja alishapitia juu ya ukuta, kwani hakuna paa. Kandambili tuliitafuta mpaka kwenye mizizi, wapi! Nikatoka getini mguu mmoja peku, nikijikaza kwa mzaha kwamba wakija kuchimba tena baada ya miaka 500, mahali pale wataita Nyumba ya Kandambili.

Mama mkwe hakuwangoja wachimbaji. Siku hizi akimpigia bintiye simu, salamu yake ni moja: "Haya, Nyumba ya Kandambili hamjambo?"